Nimechoka Kusifiwa

Jumatatu, 12 Mei

Nimerudishiwa Sura ya Pili na ya Tatu. Ukurasa wa kwanza: "Vizuri sana Mwalimu wangu." Ukurasa wa mwisho: "Vizuri sana. Endelea." Katikati hakuna kitu. Hata nukta! Nimegeuza karatasi nikaangalia nyuma, labda kaandika nyuma. Nyuma nako kweupe.

Julieth naye karudishiwa za kwake leo hii hii. Binti ninayeishi naye chumba hapa mtaa wa Cheyo, mwaka wa tatu kama mimi, ila umri wake ni wa mwanangu wa mwisho. Supavaiza wake ni Dk. Raymundi, mtu ambaye hata akikusalimia unahisi kuna kosa amekuona nalo. Karatasi za Julieth zimejaa wino mwekundu mpaka pembeni. Hii umeitoa wapi? Ushahidi uko wapi? Soma tena! Binti kajitupa kitandani analia, anasema anaacha chuo akauze chipsi Mwanza. Na mimi nimekaa kitanda cha pili namwonea wivu. Wivu mtupu!

Nimesahihisha madaftari ya watoto Kaliua maisha yangu yote. Naijua "vizuri" ya mtu aliyesoma, na naijua "vizuri" ya mtu aliyepita tu. Hii ni ya kupita.

Na sababu naijua. Dk. Sabiri nilimfundisha mimi, darasa la tatu na la nne, enzi mama yake akiuza vitenge pale karibu na stesheni ya Kaliua. Kaondoka na kaptula, karudi na PhD, chuo kikampanga awe msimamizi wangu. Siku ile nilifurahi! Nikampigia mume wangu Kashindye, tukacheka mpaka salio likaisha. Nikasema hapo sasa nimefika, nina mtu wangu. Mjinga mimi.

Ruhusa yangu ya masomo inaisha Agosti. Utafiti ukikataliwa, narudi darasani Kaliua bila shahada. Na nikisharudi kule sitoki tena, najijua. Kuna tumbaku, kuna wajukuu, kuna goti hili. Kwa hiyo ni sasa au basi.


Alhamisi, 15 Mei

Nimekwenda ofisini kwa Sabiri. Sijamaliza kubisha, kashasimama. Shikamoo Mwalimu! Kainama kabisa. Kiti chake cha kuzunguka kanipa mimi, yeye kakaa kwenye benchi la wanafunzi. Kulikuwa na vijana wawili wanasubiri, wakanikodolea macho, nadhani walijua mkaguzi kaja.

Nikamwambia, Daktari, ile Sura ya Tatu, namna nilivyokusanya taarifa, mwenyewe sina uhakika nayo. Nionyeshe kasoro. Akacheka. "Mwalimu, mimi nikuonyeshe wewe? Si wewe uliyenifundisha kuandika jina langu?" Vijana nao wakacheka, wakaona raha. Akaagiza soda. Akauliza habari za mzee Kashindye, za soko la tumbaku mwaka huu, kama shule imepata vyoo vipya. Nikauliza tena kuhusu Sura ya Tatu. Akasema iko vizuri sana, anajivunia, kamsimulia hata mama yake.

Nimetoka tumbo limejaa gesi ya soda na kichwa kitupu.

Mimi namwita Daktari, yeye ananiita Mwalimu. Sasa hapo mwanafunzi ni nani?


Jumanne, 20 Mei

Chuo kina Dawati la Msaada wa Kitaaluma. Liko nyuma ya maktaba, chumba chenye feni inayozunguka bila kuleta upepo. Mwaka wa kwanza walitukusanya ukumbini wakatuambia: ukikwama usijifungie chumbani, njoo Dawatini. Haya, nimekwama. Nimekwenda.

Anayehudumia ni Agnetha, msichana mpole, amesomea ushauri nasaha, ana sauti ya kubembelezea wagonjwa. Shikamoo mama. Marahaba. Changamoto yetu leo ni nini, mama?

— Msimamizi wangu.

Akavuta kiti karibu, akashusha sauti.

— Anakunyanyasa?

— Hapana.

— Hapatikani?

— Anapatikana vizuri tu.

— Hasomi kazi yako?

— Anaisifia.

Akanitazama kama mtu anayesubiri nimalizie. Akauliza tena polepole, labda hakusikia sawasawa. Basi nikamrudishia kwa sauti ya darasani: ANANISIFIA! Mtu aliyekuwa anarudisha kitabu dirishani akageuka mzima mzima.

Agnetha kaniambia wanaokuja pale wengi wamevunjwa moyo, na hao ana mazoezi ya kupumua anawapa. Wa aina yangu hajawahi kumpata. Basi akanipa na mimi mazoezi ya kupumua! Vuta kwa pua, toa kwa mdomo. Nimevuta, nimetoa. Sura ya Tatu iko vile vile.

Lakini nisimseme vibaya. Wakati natoka kanifuata mlangoni, kaniambia nina haki ya kwenda kwa mkuu wa idara kuomba nibadilishiwe msimamizi. Kumbe! Kwa nini asiseme mwanzo?


Jumatano, 21 Mei

Mkuu wa idara ni Dk. Xavery. Kanisikiliza huku anatafuna karanga. Nilipomaliza akasema ofisi yake inapokea vilio vya kukosolewa kila siku ya Mungu, lakini kilio cha kusifiwa ni mara ya kwanza. Akimbadilisha kijana aandike sababu gani? Kwamba ana adabu? Akacheka mpaka karanga ikampalia. Sikumpiga mgongoni.

Kisha akawa mtu mzima kidogo. Kasema nikimkataa Sabiri, chuo kizima kitajua kabla ya jioni: mwalimu wake mwenyewe kamkataa. Kijana ndio kwanza anaanza kazi. Na mama yake siku hizi yuko hapo Kanyenye, anajulikana, mji wenyewe ndio huu.

Hapo kaniweza. Nikamwambia aache, nimefuta ombi. Nimerudi Cheyo kwa mguu, jua la saa nane, hasira imenijaa mpaka nikampita Julieth njiani bila kumwona.


Jumatatu, 26 Mei

Nimempa Julieth Sura ya Nne aisome. Nikamwambia isome kama Dk. Raymundi, uwe mkali. Kaichukua, kaisoma kitandani, anageuza kurasa taratibu, anang'ata kucha. Mimi namtazama tu.

— Iko poa, mama.

— Poa nini? Nimekwambia uwe mkali.

— Iko poa kabisa.

— Julieth!

— Sasa mama, nitasemaje na wewe unanitazama hivyo? Ukikunja uso naogopa.

Mimi nakunja uso? Nani kakunja uso? Nilikuwa namsikiliza! Nikamwambia asinisingizie, alete karatasi zangu. Kaleta. Kaondoka kwenda diskasheni, na leo hata hakuniaga.

Watoto wa siku hizi ni waoga sana.


Ijumaa, 30 Mei

Sitaki kuandika. Basi naandika.

Semina ya majaribio ilikuwa leo, ile ya kuwasilisha utafiti mbele ya jopo kabla ya ile yenyewe. Ukumbi umejaa. Nimevaa kitenge kipya, nimejipanga, nimesema yangu yote: utoro wa wanafunzi msimu wa tumbaku, wilaya ya Kaliua. Dk. Raymundi hakusema kitu, kaandika tu. Dk. Xavery kanishukuru, "Mwalimu wetu". Nikajua nimepita.

Wa tatu alikuwa mgeni, kaletwa kutoka Dodoma, Dk. Asmahani. Mwanamke mwembamba, miwani kwenye ncha ya pua. Hanijui, simjui. Kafungua Sura ya Nne, kasoma kimya, kafunga. Akasema hii siyo sura ya matokeo. Hii ni hotuba ya siku ya wazazi.

Ukumbi ukacheka. Jamani, ukumbi mzima ukacheka! Watoto ninaowazidi umri mara mbili!

Nikamuuliza, kasoro iko wapi, Daktari, nionyeshe. Akatazama saa. Wengine wanasubiri. Kasema msimamizi wangu atanieleza, ndiyo kazi yake. Kisha akainua kichwa: na msimamizi mwenyewe ni nani, aliyepitisha kitu hiki?

Sabiri akasimama kule nyuma. Mikono kaiweka mgongoni. "Kosa ni langu," akasema, "siyo la Mwalimu."

Siyo la Mwalimu! Bado ananisafisha! Mbele za watu, mbele ya wakubwa zake, kazi yake inaungua, na yeye ananisafisha mimi. Nilitamani nipotee pale pale. Namkasirikia kuliko ninavyomkasirikia yule wa Dodoma. Yule angalau kanisoma.

Nimepewa nafasi moja. Tarehe 27 Juni, nije na kazi iliyotengenezwa upya na saini ya msimamizi. Nikikosa, mwakani. Wao wanasema "mwakani" kirahisi tu.


Jumapili, 1 Juni

Kaliua. Nimekuja na basi la jana. Nyumba nzima inanuka tumbaku, Kashindye anafunga mabelo ya mwisho ya kupeleka sokoni. Baada ya misa nimemwaga yote. Nimelia kidogo, afadhali.

Kashindye hana haraka ya kujibu, hilo ndilo linalonikera na ndilo lililofanya nikaolewa naye. Kafunga belo lake, kakaza kamba, kisha akasema: huyo kijana anamwona mwalimu kwa sababu kila siku mlangoni kwake anaingia mwalimu. Ingia mwanafunzi.

Nikasema nimeshaingia mara ngapi, namwita Daktari kila neno. Akasema Daktari ni neno la kazini tu, haliumi. Nani anamwamkia mwenzake?

Ananiamkia yeye, nikasema. Kila siku, na kuinama anainama.

— Basi, akasema, akarudi kwenye belo lake.

Nimeifikiria wakati wa kupika. Nimeifikiria wakati wa kula. Nitamtangulia. Nikimtangulia, ataitikia tu, hana pa kukimbilia. Akishaitikia, mambo yamegeuka. Rahisi!


Jumatatu, 2 Juni

Hapana. Hapana, hapana, hapana.

Nilifanya kila kitu sawa. Nilikaa kwenye benchi nje na vijana, nikasubiri zamu yangu kama wao. Zamu ikafika. Nikaingia na mkoba nimeukumbatia kifuani. Kabla hajafungua mdomo nikasema, "Shikamoo, Daktari."

Kalamu ikamdondoka, nikaisikia sakafuni. Vijana wakachungulia mlangoni. Sabiri kabadilika uso.

— Mwalimu, nimekukosea nini?

Nikasema hujanikosea kitu, mimi ni mwanafunzi wako, nakuamkia. Itikia.

— Mwalimu, tafadhali. Usinifanyie hivyo. Niambie tu kosa.

— Itikia kwanza!

Basi hapo ndipo nilipoharibu, nadhani. Kachukua funguo, kachukua simu, kasema samahani, katoka. Katoka ofisini kwake! Nimebaki nimesimama mbele ya meza isiyo na mtu. Kijana mmoja mlangoni kaniuliza kwa woga, bibi, Dokta atarudi?

Bibi!


Jumanne, 3 Juni

Sijamaliza chai, simu inalia. Bi Tatu, mama yake Sabiri. Hatujaongea tangu harusi ya mpwa wake.

— Shikamoo Bi Tatu.

— Marahaba. Kama bado zangu zipo. Nasikia siku hizi shikamoo unazitupa chini, watoto wanaokota.

Nilikuwa sijui nicheke au nilie. Kasema mwanawe jana hakula. Kaingia nyumbani, kakaa sebuleni na viatu, anasema Mwalimu Dafrosa kaninyang'anya radhi. Bi Tatu kamuuliza umemfanya nini mwalimu wako, kasema sijui, kaniamkia shikamoo mbele za watu, nimeshakwisha. Mtu mzima na PhD yake! Mimi nilitaka kujishusha, yeye kaelewa namwapiza.

Nikaanza kueleza, kanikata. Mambo ya radhi hayaongelewi kwenye simu, anakuja.

Na kaja kweli. Adhuhuri Bi Tatu huyo mlangoni Cheyo, kashuka kwenye bajaji na visheti kwenye deli na doti ya kanga, vya kumwombea mwanawe msamaha. Julieth kakimbilia nje. Nimemkalisha kitandani, nikamweleza tangu mwanzo: zile "vizuri sana", Dawati, karanga za Dk. Xavery, yule wa Dodoma, ukumbi kucheka. Kasikiliza na kisheti mkononi hajakiuma.

— Kwa hiyo ugomvi wako ni kwamba mwanangu hakusemi.

— Hanisemi, Bi Tatu.

— Na wewe unataka usemwe.

— Nataka!

— Na mtoto uliyemfundisha.

— Ndiye msimamizi wangu. Asiponisema yeye, atanisema yule wa Dodoma tarehe ishirini na saba, na hapo nimekwisha.

Kanitazama kama anapima kitambaa. Kisha akasema, "Haya. Jumamosi Idi. Njoo na makaratasi yako. Atakusema."

Kanga nimeikataa, kanifunga nayo kiunoni kwa nguvu.


Alhamisi, 5 Juni

Ofisi ya Sabiri imefungwa tangu Jumatatu. Wanafunzi wake wamejipanga kwenye korido, wananiangalia vibaya. Kumbe ni mimi nimewafungia.

Julieth leo kapata saini. Dk. Raymundi kamwandikia neno moja: "Afadhali." Binti kacheza chumba kizima, kaipiga picha, kaituma kwao. Nimempongeza kwa moyo mweupe, kisha nikaenda kuoga nikakaa bafuni kuliko kawaida. Afadhali! Mimi nazo "vizuri sana" za kujaza gunia, na zote pamoja hazinunui "afadhali" moja.


Jumamosi, 7 Juni

Naandikia uani kwa Bi Tatu, Kanyenye, kwenye kigoda, pembeni ya masufuria ya pilau. Niandike haraka kabla sijaitwa.

Nimefika baada ya swala. Idi mubarak huku na huku, wageni wengi, watoto na nguo mpya. Sabiri kanzu nyeupe. Aliponiona kasimama, kafungua mdomo aniamkie, kasita, kafunga. Maskini, hajui tena amwamkie nani. Nikamwokoa, nikampa mkono na Idi mubarak. Tumekula. Pilau ya Bi Tatu haina mfano, hilo nalisema hata kama nina hasira.

Wageni walipopungua Bi Tatu kafunga mlango wa sebule. Kakunjua mkeka. Ripoti yangu kaiweka katikati, na juu yake kalamu nyekundu, mpya, bado ina bei ya dukani.

— Sabiri, kaa. Mseme Mwalimu wako.

Kacheka cheko la woga. Mama, leo sikukuu. Bi Tatu kamjibu sikukuu yeye ameshaila, mseme. Sabiri kanitazama. Nikamwambia nimekuja kwa hilo hilo, Daktari, wala sina kinyongo na wewe. Kama ni radhi, unayo. Sasa nipe na mimi haki yangu.

Kaichukua kalamu. Ukurasa wa kwanza hakuna kitu. Wa pili hakuna. Bi Tatu akakohoa. Ukurasa wa tatu kapiga mstari, mdogo, mwembamba. Mwili mzima ukanisisimka kwa furaha! Kisha mwingine. Hapa unarudia ulichosema. Hapa huna chanzo. Hii sentensi inaanza Kaliua inaishia wapi? Sauti ikaanza kubadilika, akanisahau, akawa Dk. Sabiri ninayemsikia ukumbini kwenye mihadhara. Mimi naandika, natabasamu, naitikia ndiyo, ndiyo Daktari. Bi Tatu katulia kwenye kochi anajipepea. Ilikuwa tamu, sisemi uongo.

Tukafika Sura ya Nne.

Kaisoma yote. Kisha akauliza, wazazi hawa uliwahoji mwenyewe? Mwenyewe. Wapi? Shuleni, ofisini kwangu. Kasema wote wamejibu watoto wao hawakosi shule kwa ajili ya tumbaku, wanaokosa ni wa jirani. Wote, Mwalimu. Kila mtu wa jirani. Sasa huyo jirani anakaa wapi?

Akapiga mstari kona hadi kona. Ukurasa mzima. Akafunua wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu. Mimi natazama mkono tu.

Kasema: hawakukuambia ukweli. Walikuheshimu tu. Walikupa ulichotaka kusikia na wewe ukakiandika. Hapa hakuna utafiti. Sura nzima itupwe, atafutwe mtu mwingine awafuate makwao, mtu wasiyemwogopa, waulizwe upya. Na sidhani kama utawahi tarehe ishirini na saba.

Wasiyemwogopa!

Mimi! Wazazi wale nimezika nao, nimecheza ngoma za harusi za watoto wao, wameniletea kuku nilipougua! Nani anamwogopa nani? Na mdomo wangu — mdomo huu! — ukafunguka wenyewe:

— Sabiri! Shika adabu yako!

Sauti ilitoka yote. Watoto waliokuwa wanacheza barazani wakatawanyika.

Kalamu ikashuka. Kaifunika kifuniko, klik. Akashuka magoti kwenye mkeka, na kanzu yake nyeupe. "Samahani Mwalimu. Nimevuka mpaka. Iko vizuri tu. Hata hivi ilivyo, mimi nitasaini." Na akatoa kalamu ya bluu mfukoni, akaanza kutafuta ukurasa wa saini.

Nikasema subiri. Nikasema natoka kidogo kupunga upepo. Ndio niko hapa.

Bi Tatu kanifuata uani. Hakufoka. Kauliza tu, si ulisema unataka kusemwa? Nikasema nilisema. Sasa mbona umembwekea? Nikamwambia maneno yale yameniuma. Akasema, ulidhani yatakuwaje?

Saini ipo. Iko ndani, mlango mmoja tu kutoka hapa. Nikiingia na kunyamaza, naipata sasa hivi, jioni hii niko Cheyo na karatasi yangu. Na tarehe ishirini na saba nasimama tena mbele ya yule wa Dodoma.

Kuna mama mmoja nimemkumbuka hapa nilipokaa. Dada yake Nassibu fundi baiskeli, ana watoto kwenye darasa langu. Aliingia ofisini na mwanawe, nikamuuliza mtoto anakosa shule wakati wa kuvuna? Akatazama chini, akasema hakosi Mwalimu. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu wa tumbaku. Na ya mtoto pia ilikuwa myeusi. Niliiona, ilikuwa mezani kwangu, mbele ya macho yangu. Nikaandika: hakosi.

Nikawashukuru kwa ushirikiano wao.

Mungu wangu, Sura ya Nne nzima. Na muda wenyewe ndio huu, na bado kuna kutafuta mtu wa kwenda, na nauli za bodaboda za vijijini, na Sabiri mwenyewe kasema hadhani nitawahi. Nina hasira naye mpaka sasa hivi. Nina hasira, na kijana kasema kweli.

Wanaita ndani, chai ya tangawizi tayari. Nitamwambia kalamu ya bluu airudishe mfukoni, afungue ile nyingine, aanze pale pale alipoishia. Ila mimi najijua sasa. Nimemwomba Bi Tatu akae karibu yangu kwenye mkeka, ubavu kwa ubavu, na akiniona nafungua mdomo tu, anifinye. Nimemwambia asinionee haya, anifinye kweli kweli.

Kasema kucha anazo. Naingia.